Picha ya Namba 217

Rumonge, tarehe 3 Machi 2025

Muzee Wenceslaus,

Amahoro. Barua hii inakuja na Kulthumu, yule mama wa Gitaza anayepeleka samaki wa ndagala Kigoma kila wiki mbili. Nimeandika herufi kubwa-kubwa kwa sababu najua masikio yako yalishakataa simu, na macho yanakataa ile mesaji ndogo-ndogo. Miaka thelathini karibu na mashini za kuchapa za tajiri wetu Hadji hapa imprimeri! Zimekula masikio yako, na siku ulipohamia Kigoma kwa binti yako, yeye Hadji alikupa kalenda mbili na shati.

Huku tumechoka, muzee. Umeme unakuja kwa saa mbili halafu unaenda zake. Esansi hakuna, jenereta imelala. Karatasi zilizoloa mwaka jana wakati ziwa lilipopanda bado ziko ghalani, Hadji anakataa kuzitupa, chumba kizima kinanuka kama nguo za mutoto. Na kazi zote ulizoacha ziko juu yangu peke yangu.

Sasa nina swali. Koperative ya mawese ya Kizuka imeleta kazi ya kadi za wanachama, watu mia sita na arobaini. Tangu Aprili, mutu asiye na kadi mpya hapimiwi mavuno yake ya ngazi za michikichi pale kwenye kinu. Hadji amenunua programu mpya ya kuchapia, na ile skripti uliyoandika wewe, ile mistari inayoiambia mashini ichukue picha ya nani kwa kila jina, haitembei tena. Lazima niiandike upya. Nimeisoma yote. Mustari wa kwanza unasema: soma namba ya mwanachama, tafuta picha yenye namba hiyo. Wa pili: kama picha haiko, weka alama ya koperative. Hiyo naelewa. Lakini wa tatu unasema: kama namba ni 217, acha picha ya 217, chukua ile inayoitwa "kando".

Mbona hivyo? Nilizifungua zote mbili. Ni mwanamuke yuleyule, Scovia Niyonkuru. Tena ile ya 217 iko safi, uso unaonekana muzuri, anacheka kidogo. Ile ya "kando" iko na kivuli, na yeye amekonda. Nadhani zamani picha moja iliharibika ukatafuta njia ya kuzunguka. Nitaondoa huo mustari ili skripti iwe fupi. Kama nimekosea uniambie, lakini uniambie haraka, tunachapa wiki ijayo kama umeme utakubali.

Binti yako hajambo? Wewe unakula?

Ni mimi,
Riziki


Kigoma, 11 Machi 2025

Riziki mwanangu,

Nimepata barua yako leo asubuhi, na Kulthumu anarudi mchana huu, kwa hiyo naandika haraka.

Mstari wa tatu usiuondoe. Uhamishe kwenye skripti mpya neno kwa neno kama ulivyo. Picha ya 217 usiichapishe, na pia usiifute. Hadji asiione. Ni kazi ya zamani na ina sababu zake, wala si za kuandikwa kwenye karatasi.

Mimi sijambo. Naketi barazani, naangalia watu wakisema.

Wenceslaus


Rumonge, tarehe 24 Machi 2025

Muzee Wenceslaus,

Barua yako ya tarehe 11 nimeipata tarehe 22. Gari ya Kulthumu ilikwama Nyanza-Lac bila esansi. Kadi tulizigawa tarehe 19.

Nitakuambia vile ilivyokuwa.

Tulienda Kizuka na Hadji, chini ya kile kibanda cha kinu. Watu walikuwa wengi, wametoka kuvuna. Mimi nilikuwa naita majina, katibu anawawekea sahihi. Nikaita: "Namba 217, Scovia Niyonkuru." Akaja mwanamuke mumoja mwembamba, mikono myekundu ya mawese, nyuma yake musichana wake Marcelina, wa miaka kumi na saba hivi. Alijipangusa kwa kitenge ndiyo akaipokea kadi. Aliitazama. Sikuwahi kuona mutu anatazama kadi namna ile. Akakaa chini palepale kwenye matope.

Marcelina akainama akasema, "Mama, hii si wewe. Huyu ni nani?"

Yeye aliipangusa ile kadi kwa kidole.

"Mama, anafanana na mimi. Ni nani?"

Basi Bernardo, yule shemeji yake mwenye duka la misumari, akamunyang'anya kadi mukononi. Akaiinua juu watu waone. Alisema: "Huyu ndiye Scovia! Huyu ndiye bibi wa ndugu yangu aliyelala kwangu siku tatu mwaka wa 2012 akitafuta shamba la marehemu mume wake. Miaka yote nasema aliyerudi si yeye, mukanicheka, mukasema Bernardo anataka michikichi. Sasa angalieni!" Akamugeukia: "Na wewe ni nani? Umekula katika jina la nani?"

Yule mwanamuke aliinuka akaenda, bila kadi. Musichana alimufuata mbali kidogo, kama mutu asiyejua kama anaruhusiwa.

Rais wa koperative amechukua ile kadi. Wazee wa kilima wataketi tarehe 26 Aprili kuamua kesi hii. Watu wanasema imprimeri yetu ilipewa kitu na Bernardo ili imufunue. Wengine wanasema tulipewa kitu na mwanamuke zamani ili tumufiche. Hadji anasema nimeyaleta mimi, niyamalize mimi.

Muzee, ulijua. Uliandika "sababu zake" na ukanyamaza. Kama ungekuwa uliniachia neno moja tu siku unaondoka, moja tu, nisingegusa. Nani iko katika ile picha?

Riziki


Kigoma, 30 Machi 2025

Riziki mwanangu,

Nimesoma barua yako mara tatu. Binti yangu aliniuliza kuna msiba gani, nikamwambia ni mambo ya kazi.

Uliyemwona kwenye kadi ni Scovia. Uliyemwita kwenye kinu ni mdogo wake, anaitwa Agnesi.

Mwaka 2012 ushirika ulinituma Kizuka kupiga picha wanachama. Scovia alikuwa amekuja peke yake kutoka kambini Tanzania. Mume wake alikuwa amekufa hukohuko, naye alitaka kuandikisha shamba la mume kabla kambi haijafungwa. Nilimwambia asicheke kwa sababu ni picha ya kadi, akashindwa kujizuia. Alikuwa na furaha, mwanangu. Alikuwa amepata michikichi mia na hamsini. Akarudi kambini kuwaleta watoto wake wawili. Homa ikamchukua huko kabla ya kufunga mizigo.

Agnesi hakuwa na mume wala shamba. Aliwachukua wale watoto, Marcelina wa miaka minne na Revokatus wa miwili, akachukua na karatasi za dada yake, akapanda gari la wanaorudi. Alijua kwamba akisema Scovia amekufa, shamba linaingia mikononi mwa Bernardo, na Bernardo alikuwa ameshatafuta mnunuzi. Watu wa Kizuka walikuwa wamemwona Scovia siku tatu tu. Hawa wawili walifanana, na safari inakondesha kila mtu. Wakakubali.

Mimi sikukubali. Kazi yangu ilikuwa nyuso. Alikuja dukani mwezi wa Novemba kuchukua kadi, nikaitazama picha, nikamtazama yeye. Nikamwambia, "Mama, sikio hili si lile." Hakubisha. Aliniambia yote akiwa amesimama, mtoto mdogo amelala mgongoni na mkubwa ameshika kitenge chake akimwita mama. Nikafunga mlango nikampiga picha nyingine hapohapo. Umeme ulikuwa mdogo, ndiyo sababu ya kivuli.

Utauliza kwa nini sikuibadilisha tu picha yenyewe. Watu wa ushirika wana diski yao ya picha, wanaileta kila mwaka, na kila mwaka ile ya Scovia ingerudi na kufunika nyingine. Ndiyo nikaandika mstari wa tatu. Pia nilishindwa kumfuta. Hakuna picha yake nyingine popote duniani. Kila mwaka nilipochapa zile kadi nilimfungua nikamwona, nikamfunga.

Ulipoandika mara ya kwanza nilifikiri kumwomba binti yangu akutumie ujumbe kwa simu, ungekupata siku ileile. Nikaogopa siri ya mtu ipite mkono wa tatu. Nikapendelea barua. Hilo ni langu, si lako.

Sasa nakuomba jambo, na najua ni zito. Kabla ya tarehe 26, andika karatasi useme ni kosa la skripti. Sema picha mbili ziligongana, hii ilitoka kwenye kazi nyingine, ya watu wa Bugarama au popote. Watu hawajui mambo haya. Wataamini kwamba mashini imekosea. Bernardo atabaki na maneno tu.

Nisamehe.

Wenceslaus


Rumonge, tarehe 21 Aprili 2025

Muzee Wenceslaus,

Nilikukasirikia siku nne. Siku ya tano nikaandika ile karatasi.

Nilimuambia Hadji nitachukua kosa. Alifurahi kupita kiasi, akaidikteza mwenyewe, yeye anasema mimi naandika: mimi, mufanyakazi, kwa uzembe wangu, nilichanganya picha, na imprimeri haina hatia. Nilijua maana yake. Nikishaweka sahihi, hakuna mutu atakayenipa kazi ya kadi tena kutoka hapa mpaka Bujumbura, na Hadji mwenyewe angeniondoa mwezi ujao aonekane amesafisha nyumba. Lakini mimi ndiye niliyefuta mustari. Nilikuwa nimechoka siku ile, nikaona ufupi ndiyo akili.

Nilikuwa na kalamu mukononi wakati walipoingia. Yule mwanamuke na Marcelina. Walikuwa wametembea kutoka Kizuka, magari hayapo. Niliwapa viti. Marcelina alikataa kuketi.

Nikasema, "Mama, nimeshaandika. Soma. Nitasema ni kosa langu, utapata kadi yenye picha yako, mambo yataisha."

Aliisoma polepole yote. Aliiweka juu ya meza, akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja.

"Hapana, binti yangu."

"Bernardo atachukua shamba."

"Labda atachukua."

"Basi kwa nini?"

Akasema, "Kwa sababu siku ile niliporudi nyumbani huyu alinifuata akaniuliza mara moja tu, nikamwambia ni kosa la mashini. Akaniamini. Alikwenda jikoni akapika. Kisha nikamwona amesimama na kioo cha kunyolea cha mdogo wake, anajitazama pua, anajitazama mdomo.  Nikajua nimefika mwisho. Nimedanganya mkoa mzima miaka kumi na mitatu na sikuona haya, lakini hilo la kioo limenishinda."

"Umemuambia?"

"Nimemwambia. Siku tatu hakunisemesha."

Marcelina alikuwa anatazama ukutani, zile kalenda za zamani. Akasema bila kugeuka, "Nataka kumuona mama yangu. Kadi wameichukua. Mama mudogo anasema wewe unaye ndani ya ordinateri."

Umeme ulikuwepo, Mungu ni mukubwa. Nikafungua picha ya 217 nikaikuza mpaka ikajaza kioo chote cha ordinateri. Marcelina alikaribia. Alitazama sana. Mimi nilitaka kutoka niwaache, lakini mulango uko upande wao. Halafu akauliza, "Alikuwa anacheka nini?"

Agnesi akasema, "Alikuwa anacheka michikichi. Aliporudi kambini alinihesabia kwa vidole, vidole vikamwishia akaanza na vya kwangu."

Basi musichana akacheka kidogo, na palepale akalia, na Agnesi akabaki ameketi na mikono kwenye magoti. Hakulia. Nilimushangaa. Mutu asiyelia hata kidogo.

Karatasi ya Hadji nimeichana. Nimemuambia kama wazee wakiniita nitasema vile skripti ilivyo, mistari yote mitatu, na nani aliuandika wa tatu. Samahani, muzee. Sitaongeza wala kupunguza.

Riziki


Kizuka, 18 Mei 2025

Kaka Wenceslaus,

Salaam nyingi. Najua ulikuwa unangoja barua ya Riziki, lakini nimemwomba aniachie hii niandike mwenyewe. Mwandiko wangu usikuchoshe, shule yangu ni ya kambini na nimekaa muda mrefu bila kushika kalamu kwa jambo langu mwenyewe.

Wazee waliketi tarehe 26 kama ilivyopangwa. Nilisimama nikasema jina langu, jina la baba yangu na la mama yangu, nikaeleza jinsi dada yangu alivyokufa na jinsi nilivyokuja. Sikuomba msamaha mwanzoni. Niliogopa nikianza kuomba nitasahau kueleza. Bernardo alisema maneno mengi, na mengine yalikuwa ya kweli. Ni kweli nilimfanya aonekane mwongo mbele ya watu miaka kumi na mitatu. Hilo nilimwomba radhi, na nilimaanisha.

Riziki aliitwa. Alieleza ile mistari mitatu mpaka mzee mmoja asiyejua kusoma akasema, "Kumbe ni kama mlinzi mlangoni: huyu apite, huyu apite, huyu mpitishe kando." Watu wakacheka. Walipouliza nani aliweka mlinzi huyo, akakutaja. Nikasema niliyekusihi ni mimi, nawe hukupokea hata ngazi moja ya mawese. Wakaliacha hapo.

Halafu mzee huyo huyo akamuuliza Bernardo, "Tangu 2012, nani amepalilia?" Bernardo akasema, "Yeye." "Nani amelipa shule ya watoto wa ndugu yako?" Bernardo akasema tena, "Yeye." Lakini usidhani tulishinda. Wamenitoa kwenye ushirika na sitarudi. Nimelipa faini ya bia, kreti tatu. Michikichi ishirini ya kando ya barabara, iliyo bora kuliko yote, wamempa Bernardo, ili apate kitu na aache kwenda mahakamani. Si haki. Nilikuwa nimechoka, nikakubali, na watoto wakakubali. Iliyobaki imeandikwa kwa majina ya Marcelina na Revokatus. Namba 217 imefungwa. Marcelina amepewa mpya.

Riziki bado yupo dukani. Tajiri wake hamsemeshi, lakini hana mwingine wa kumwendeshea ile mashine. Ushirika umesema mwakani watachapa kwingine.

Kitambulisho changu bado ni shida. Karani alisema kwenye daftari lao mimi nimekufa au sijazaliwa, nichague. Nitarudi tena wiki ijayo.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike. Scovia hajawahi kuliliwa. Kambini tulimzika upesi, gari lilikuwa linangoja, nami kabla ya jua kuzama nilikuwa nimeshaanza kuitwa kwa jina lake. Ningemliliaje? Mtu hajililii. Watu walikuwa wananiamkia, "Scovia, amahoro," naitikia. Ilipofika tarehe aliyokufa, kila mwaka, nilikwenda shambani nikapalilia tu, basi.

Jumamosi iliyopita tumemfanyia matanga. Riziki alichapa ile picha kubwa, akaileta mwenyewe, ameifunga kwenye nailoni isilowe. Tuliiweka kwenye kiti, mbele ya nyumba. Majirani wakaja na mikeka, wengine kwa huruma, wengine kwa udaku, sikujali. Bernardo alikuja pia. Aliketi mbali, na alipoondoka alisimama mbele ya kiti akasema, "Ndiye. Nilimpikia wali." Kisha akaenda zake.

Wakaniuliza nani atasema habari za marehemu. Nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi. Nikaweza kusema, "Dada yangu," tu. Kaka Wenceslaus, nililia mpaka wanawake wakanishika mabega wakanilaza kwenye mkeka, nikalia nimelala. Revokatus aliogopa, hajawahi kuniona hivyo. Marcelina akamwambia, "Mwache. Ni dada yake."

Asante kwa kutomfuta.

Ni mimi,
Agnesi, mdogo wake Scovia